Vuga haina magofu, na hilo si kosa lake

Mtu wa Tanga akitaka kuona ikulu ya mfalme huvuka bahari. Atakwenda Unguja, atalipa kiingilio pale Forodhani, ataonyeshwa vitanda na makochi ya masultani ndani ya Beit al-Sahel, atapiga picha dirishani, kisha atarudi nyumbani ameridhika kwamba mambo ya wafalme ameyaona. Sina ugomvi na safari hiyo, na nikipata nauli nitairudia. Ugomvi wangu ni kwamba msafiri huyo huyo amekwishapita Soni mara kadhaa akienda Lushoto kwenye harusi au msibani, akanunua matunda damu dirishani mwa basi, na hajawahi kuambiwa kwamba milima ile ya jirani ilibeba mji ambao amri yake ilifika hadi mlangoni kwa babu yake huku pwani.

Mji huo ni Vuga, makao ya wafalme wa Usambara wa ukoo wa Kilindi. Wakilindi wanajihesabu kutoka kwa Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu katika karne ya 18, akawagawia nyama watu wa mlimani mpaka wao wenyewe wakamtaka awatawale. Simulizi inasema njiani kuelekea Vuga aliua simba usiku, na mfalme wa Usambara ameitwa Simba tangu hapo. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 akiwa mzee sana, himaya ilishuka mlimani ikagusa bahari. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alikuta pwani kuanzia Vanga hadi Pangani ikihesabiwa kuwa ya Kimweri, ingawa Sultani wa Unguja naye alikuwa na madai yake juu ya miji hiyo hiyo. Wakubwa wa Tanga wa zama hizo waliishi wakitazama mlimani kwa jicho moja na baharini kwa jingine.

Ukiuliza kwa nini watu hawapandi kwenda Vuga, utajibiwa haraka kwamba hakuna cha kuona. Nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, zimeoza, zimeungua, yamekwisha. Jibu hilo ni la kivivu, lakini limeota mizizi hata katika vitabu vya serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kalenda, Kimweri ameingia kwenye ulinzi huo kwa mwaka mmoja wa ziada! Tatizo ni kwamba nyumba ya nyasi haizeeki kwa namna sheria inavyotaka. Huezekwa upya, hubadilishwa nguzo, hujengwa tena pale pale, na kwa hiyo mji unaweza kuwa na umri wa karne mbili huku kila paa lililomo likiwa la miaka michache tu. Jiwe la mwaka 1862 ni mali ya kale. Nyasi zilizorithishana kiwanja kimoja tangu zama za Mbegha hazimo.

Matokeo yake tunayaona kwenye ratiba za wageni. Mgeni akishuka stendi ya Kange atapelekwa mapango ya Amboni, atapelekwa Tongoni kwenye msikiti na makaburi ya kale, ataonyeshwa boma la Mjerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Akipanda Lushoto atapelekwa Irente asimame ukingoni mwa jabali aangalie nyika ya chini. Vyote ni vizuri. Ila katika ratiba hiyo mtawala pekee mwenye nyumba ni Mjerumani, aliyekaa hapa miaka isiyofika thelathini na mitano.

Na hata hayo mawe tunayoyaamini, tuseme ukweli, hayajatufundisha kutembelea ikulu. Chukua Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Vyumba zaidi ya mia moja, bwawa la kuogea la pembe nane, ukumbi wa kupokelea watu, ghala za bidhaa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu sultani huyo kwa ukarimu. Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini mgeni akisimama kando ya lile bwawa, anaona bwawa. Nani aliruhusiwa kuingia ukumbini, aliketi wapi, alisubiri muda gani, alitoka na nini mkononi, mawe hayasemi, na mara nyingi wanaomwongoza nao hawasemi.

Ikulu ya Maruhubi, kule Unguja, ni mfano unaoniudhi zaidi. Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880 na ikaungua mwaka 1899. Leo zimebaki nguzo, hamamu na kiwanja chenye miembe. Mgeni akifika pale, kitu cha kwanza kumiminiwa sikioni ni hadithi ya masuria 99. Mtalii anacheka, mwongozaji anacheka, picha zinapigwa. Barghash huyo huyo ndiye aliyebanwa na Waingereza mwaka 1873 akatia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, ndiye aliyetazama Wajerumani wakikata bara kipande baada ya kipande mwaka 1885, na Usambara ilikuwamo katika vipande hivyo. Ikulu yake ingeweza kutusimulia jinsi dola inavyonyang'anywa mwenyewe akiwa bado amekaa kitini. Tumeigeuza kichekesho cha chumbani.

Halafu jiwe lenyewe halina ahadi. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, lilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita iliyomalizika kwa dakika zisizotimia hamsini. Likaja kuporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, mchana, katikati ya ukarabati, likaua mafundi. Kama hoja ya kuipuuza Vuga ni kwamba nyasi hazidumu, basi tuongee pia kuhusu matumbawe, chokaa na boriti.

Turudi mlimani. Mwezi Februari mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipanda kutoka Pangani hadi Vuga. Burton hakuwa mtu wa kusifu Waafrika, kwa hiyo anachokiri huwa kimemlazimu. Aliandika kwamba mji ulikuwa na nyumba kama 500 na watu, kwa alivyoambiwa, 3,000. Kwa mlima wa wakati ule huo ni mji mkubwa. Lakini kinachonivutia mimi ni mapokezi. Hawakuruhusiwa kuingia. Wageni hawakulala mjini kwa mfalme. Waliteremshwa kwenye vibanda vinne vilivyochakaa chini ya kilima, mahali palipotengwa kwa ajili ya wapita njia, na wakaelezwa kwamba hata mtoto wa mfalme akitoka safari hulala hapo mpaka aitwe. Burton alinung'unika kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na paa linavuja. Utaratibu wenyewe hakuuelewa, au hakutaka kuuelewa.

Walipoitwa, walimkuta Kimweri amelala kitandani ndani ya nyumba iliyojaa wazee wa baraza. Mzee aliinuka nusu, akataka kujua shida yao, kisha akafika kwenye shida yake mwenyewe: alikuwa mgonjwa, amesikia kuwa mgeni huyu ni mganga wa Kizungu, basi ampe dawa ya kumrudishia afya na ujana. Baadaye vibandani vikashuka vyakula vya mfalme: ng'ombe, kikapu cha sima, na ndizi mbichi zilizopondwa zikachanganywa na maziwa ya mgando.

Soma tukio hilo tena kama mtu anayetaka kutembelea ikulu. Njia ya kupanda ipo. Mahali pa kusubiri pana mpaka unaojulikana. Mji huruhusiwi kuuingia mpaka uitwe, baraza lina watu wake, mfalme anasema haja yake waziwazi, na mgeni hapewi kisogo bila kulishwa. Hiyo ndiyo ikulu. Kuta zikiwapo ni za kuzuia upepo. Na kwa bahati tuliyonayo, sehemu kubwa ya mambo hayo hayaozi: kilima kipo, mteremko upo, ndizi na maziwa vipo, na wajukuu wa waliokuwa barazani wapo.

Ukitaka kuona kwamba si ndoto, panda basi mpaka Kampala. Kasubi ilijengwa na Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza mwaka 1882 kama ikulu; alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo, na makabaka watatu waliomfuata wakalazwa naye chini ya paa moja la nyasi. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, nyasi na yote. Tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Kwa fikra zetu za Tanga hapo ndipo hadithi ingeishia, tungeweka bango na kutu ikalila. Waganda walijenga upya. Kuezeka pale ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wanaijua kwa mikono na kwa miiko yake, na mwaka 2023 Kasubi ikatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyanza nchini Rwanda wamefanya jambo jingine: nyuma ya jumba la kisasa la mfalme wao, Mwami Mutara Rudahigwa, wamejenga ikulu ya nyasi ya zamani, na ng'ombe wa kifalme wenye pembe ndefu wanaimbiwa mbele ya wageni. Iringa pia, pale Kalenga, ngome ya Mkwawa ilivunjwa na Wajerumani mwaka 1894 na bado watu huenda, kwa sababu ya kumbukumbu na kwa sababu ya fuvu lililorudishwa mwaka 1954. Sisi tuna makaburi ya wafalme palepale Vuga. Tuna nini zaidi cha kusubiri?

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa Vuga hawapendi kulisikia. Ikulu hiyo haikuwa na sura moja kwa kila mtu wa mkoa huu. Kimweri alipokufa, wajukuu na watoto walipigana. Mwanawe Semboja alimfukuza mrithi Shekulwavu na Vuga ikateketezwa mwishoni mwa miaka ya 1860. Wakati wa vurugu hizo Wabondei, watu wa upande wa Muheza, wakaasi, wakawafukuza na kuwaua Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Uasi huo unaitwa Kiva. Kwa hiyo ukimpeleka mtu wa Muheza kwenye kilima cha Vuga ukamwambia aone fahari ya mababu zake, anayo haki ya kukuuliza mababu wepi. Watawala hao waliishi kwa kodi na faini za watu, na vita vilipokolea watu wenyewe wakawa bidhaa, wakateremshwa mpaka Pangani wakauzwa.

Semboja mwenyewe ndiye aliyenifanya niamini kwamba historia ya ikulu inahitaji macho mawili. Aliishinda Vuga lakini hakukaa Vuga. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu juu ya kiti, yeye akabaki chini Mazinde, kando ya njia ya misafara, palipopatikana bunduki, baruti na nguo. Mlimani kulibaki heshima, mizimu na mvua. Nyikani ndiko kulikokuwa na nguvu. Leo mabasi ya Arusha yanapita Mazinde kwa kasi, abiria wamelala, na hakuna hata kibao cha kumwambia mtu kwamba hapa palikuwa na mtu aliyegundua kabla ya wengi kwamba barabara inashinda kiti cha enzi. Msafara wa wageni unaoanzia Mazinde na kupanda Vuga ungefundisha siasa kuliko mihadhara mingi.

Kuhusu mvua, kuna jambo la kutawazwa kwa Simba ambalo lingepaswa kusomwa katika kila shule ya mkoa. Mfalme akifa, kifo hufichwa. Mrithi, ambaye kwa desturi alikuwa akitawala Bumbuli, huletwa Vuga usiku. Watu wakikusanyika kumpokea hawapigi vigelegele tu. Humtaka mvua, ndizi, miwa na nyama, na humwambia mbele ya wote kwamba nchi ni yake, ila asipowalisha watamwondoa. Washambaa, wenyeji wa Usambara, wana namna mbili za kuzungumzia mtawala: anayeiponya nchi, kuzifya shi, na anayeiharibu, kubana shi. Njaa ikiingia, swali halikuwa hali ya hewa imefanya nini, lilikuwa mfalme amefanya nini. Sijui kama kuna ziara ya ikulu duniani inayoanza kwa kumsikia raia akimtisha mfalme siku ya kuapishwa, ila yetu ingeweza.

Waliofuata hawakuwa na nafasi ya kuogopa raia, waliogopa mzungu. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mrithi wa Kimweri Maguvu, wakamweka Kinyashi. Waingereza nao wakaitumia familia hiyo hiyo kukusanya kodi na kusimamia kilimo cha matuta kilichowachosha watu. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta sheria ya machifu. Wengi waliokuwa mlimani hawakulia, na sababu zao zilikuwa nzuri. Lakini kufuta cheo ni jambo moja, na kufuta mahali ni jingine. Tulifanya yote mawili kwa mkupuo, kisha jina la Vuga likabaki kujulikana na wengi kwa sababu ya kiwanda cha uchapaji cha Walutheri.

Kinachouma zaidi ni kwamba maneno tunayo. Mtu aliyeandika habari za ukoo huu kwa Kiswahili, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, alikuwa mtu wa mjini kwetu: alitumwa Usambara na Sultani Majid akiwa kijana, akakaa na Semboja, baadaye Wajerumani wakamfanya liwali wa Tanga. Sehemu ya kwanza ya Habari za Wakilindi ilichapwa Magila, Muheza, mwaka 1895. Ndani yake Mbegha anawinda, anakimbia, anaoa, anaingia Vuga, kwa Kiswahili ambacho mzee wa Ngamiani angekisoma bila kukwama. Ni nani mwenye ikulu ya karne ya 18 iliyosimuliwa kwa lugha yake na mtu aliyekula na wenyewe? Husuni Kubwa haina. Maruhubi haina, ina utani wa masuria. Na bado ukisimama Chumbageni ukauliza vijana kumi liwali huyo ni nani, utapata mabega yanayopandishwa.

Najua hofu ya wasomaji wangu wa mlimani, na ninayo mimi pia. Siku moja mtu wa mradi atakuja na michoro ya msonge wa saruji, umepakwa rangi ya nyasi, una feni na duka la vinyago vilivyotoka kwingine. Afadhali kilima kibaki na mihogo. Kinachohitajika ni kidogo na kigumu zaidi: nyumba moja ya msonge inayoezekwa kwa nyasi na watu wa hapo kila inapochoka, na kazi ya kuezeka iwe ndiyo wageni wanayoiona, vibanda vya kusubiria chini ya kilima, ambako mgeni atakaa mpaka aitwe, hata kama anatoka Dar es Salaam na gari la serikali, waongozaji wanaojua Kiva na soko la Pangani na ambao hawatawaruka. Ndizi za maziwa ya mgando ziwepo. Mimi nitakuwa wa kwanza kusubiri.

Yote hayo yana swali moja la pesa ambalo nimeona likiua miradi ya namna hii kabla haijazaliwa, nalo ni nani anakata tiketi. Wapo wazee wa ukoo wa Kilindi wenye makaburi, kipo kijiji chenye ardhi, kuna kanisa lenye majengo, kuna idara ya Mambo ya Kale yenye sheria, na kuna halmashauri yenye njaa ya mapato. Kasubi inaendeshwa na ufalme uliorudishwa kisheria mwaka 1993. Sisi hatuna ufalme wala hatuutaki, kwa hiyo mfano huo unaishia hapo. Kama kiingilio kitaingia kwenye akaunti ya halmashauri Bumbuli na kurudi kijijini kama ahadi, wazee watafunga midomo, na bila midomo yao Vuga ni shamba la migomba. Mgawanyo huo uandikwe na kusainiwa barazani, mbele ya watu, kabla mtu yeyote hajatangaza zabuni ya kibanda cha tiketi.